Jinsi ya kufukuzia fasti klasi na tuzo za chuo bila kupoteza pointi kizembe (kwa mabinti wa vyuo vya masista)

Kamwene wadogo zangu wa Iringa na Njombe, na ugonile kwa wale wa Mbeya na Tukuyu. Kila mahafali yakikaribia simu yangu haipumziki. "Dada, wastani wa 4.3 unapewa zawadi?" "Dada, sapu moja (mtihani wa marudio) inanitoa kwenye fasti klasi?" "Dada, mwanafunzi bora anachaguliwa na Sista Mkuu au na kompyuta?" Nimejibu haya maswali kwa mmoja mmoja hadi nimechoka, basi leo naandika mara moja, mkiulizana huko hosteli mtumiane.

Mimi nilisoma chuo cha Kanisa huku huku Nyanda za Juu Kusini, jina nalihifadhi, hosteli yetu ilikuwa ya wasichana watupu chini ya masista, rozari saa moja jioni na taa zinazimwa saa nne, ukitaka kusoma zaidi ya hapo unajifunika blanketi na tochi ya simu na baridi ile ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Nilikosa fasti klasi kwa pointi 12 tu, na sikuzikosa kwa kutojua darasani, nilizikosa kwa kutokukagua karatasi ya alama ubaoni. Nitaeleza kwenye hatua ya 3. Kwa hiyo mwongozo huu hausemi lolote kuhusu namna ya kusoma, kusoma mnajua, ni wa kuhesabu na kutunza makaratasi.

Nawalenga waliopo kwenye vyuo vya masista, ila kama uko RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha) pale Iringa au Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya mnakosoma pamoja na wavulana, hesabu ni zile zile.

Andaa hivi kwanza

- Prospektasi ya chuo chako (kitabu cha kozi na taratibu zake), ile ya mwaka ulioingia wewe, usiazime ya mdogo wako
- Kanuni za mitihani (wengi wanaziita bailoo), mara nyingi ni kijitabu tofauti
- Matokeo yako yote tangu semesta ya kwanza, yameprintiwa
- Daftari moja la kaunta bukhu na kalkuleta, ya simu inatosha
- Faili la plastiki lenye kifungo, steshenari yoyote ya Mlandege au Mwanjelwa wanayo
- Cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, na vya Fomu Foo na Fomu Siksi
- Imeili yenye jina lako halisi, achana na ile ya "queenbaby" uliyofungua Fomu Tuu

Hatua ya 1: Jua unafukuzia tuzo gani

Watu wanachanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni daraja la digrii, yaani fasti klasi, apa sekondi, lowa sekondi na pasi. Hilo hupewi na mtu, linatoka kwenye hesabu, hata Sista akupende namna gani hawezi kukuongezea. Cha pili ni zawadi za taaluma: mwanafunzi bora wa somo, wa idara, wa mwaka, na hapa hesabu inaanza ila kamati inamalizia, kwa sababu wakilingana wawili wanaangalia nidhamu, sapu, wakati mwingine hata mahudhurio. Cha tatu ni tuzo za huduma na tabia, na kwenye vyuo vyetu vya Kanisa hizi zina uzito kuliko mnavyodhani: uongozi wa TMCS (umoja wa wanafunzi Wakatoliki), kwaya, kufundisha watoto wa jirani jumamosi, kutembelea wagonjwa. Hizi nyingi haziji zenyewe, lazima mtu akupendekeze.

Fungua prospektasi, tafuta ukurasa wa zawadi, piga picha. Kama hakuna, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi uulize kwa adabu, "Shikamoo Sista, naomba kujua zawadi za mwaka huu zina vigezo gani." Utashangaa ni wangapi wanamaliza miaka mitatu bila kuuliza hilo swali.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya GPA kwa mkono wako

GPA ni wastani wa pointi za kozi zako. Usingoje mfumo wa matokeo wa chuo. Kwa digrii ya kwanza, vyuo vyetu vingi A ni kuanzia 70 na ina pointi 5, B+ kuanzia 60 pointi 4, B kuanzia 50 pointi 3, C kuanzia 40 pointi 2. Chini ya hapo ni sapu. Kila kozi ina kredit zake (yaani uzito wake), unazidisha pointi kwa kredit, unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya kredit. Mfano wa semesta moja:

Kozi ya kredit 12, A: 60
Kozi ya kredit 12, B+: 48
Kozi ya kredit 12, B+: 48
Kozi ya kredit 9, A: 45
Kozi ya kredit 9, B: 27
Kozi ya kredit 6, C: 12

Jumla pointi 240, kredit 60, GPA 4.0. Apa sekondi nzuri tu.

Sasa angalia ile ya kredit 6 ambayo kila mtu anaidharau, anasema "hako ni kasomo kadogo, ka kujazia". Ungepata A pale jumla ingekuwa 258, GPA 4.3. Kasomo hako kadogo ndiko kanakovuta wenzako chini, na mara nyingi ndiko rahisi kupata A kuliko zile kozi kubwa mnazokesha nazo.

Madaraja ni haya: fasti klasi 4.4 hadi 5.0, apa sekondi 3.5 hadi 4.3, lowa sekondi 2.7 hadi 3.4, pasi 2.0 hadi 2.6. Na desimali mara nyingi inakatwa, haipandishwi. Ukipata 4.39 unaandikiwa 4.3. Nimeona watu wanalia kwa hilo.

Digrii ya miaka mitatu yenye kredit 360 inahitaji pointi 1,584 kwa fasti klasi. Tuseme kozi zako zote 30 ni za kredit 12, unahitaji A 12 na B+ 18, basi, siyo lazima uwe na A kila mahali kama wanavyowatisha. Lakini hapa ndipo penye siri: kwa hesabu hii B+ inakupunguzia pointi 12 kutoka kwenye kilele, C inakupunguzia 36. Yaani C moja inakula nafasi ya B+ tatu. Kwa hiyo mtu mwenye B+ nyingi bila C anaweza kumpita mwenye A nyingi na C mbili tatu, na ndiyo maana kila mwaka mwanafunzi bora anakuwa yule dada mkimya wa kiti cha katikati ambaye hakuna aliyemtegemea.

Tahadhari: mlio ngazi ya cheti msitumie hesabu hii, kwenu GPA inaishia 4 na siyo 5. Rafiki yangu alikuwa na 3.6 ya cheti akakaa mwaka mzima anajiona wa kawaida kumbe yuko fasti klasi.

Na hata kama 4.4 imeshakukimbia, usiache kuhesabu. Vyuo vikuu vinavyoajiri wakufunzi wasaidizi, wale mnaowaita TA, huanza kuangalia digrii ya kwanza kwenye 3.8. Hiyo 3.8 ni mlango.

Hatua ya 3: Kagua kozi weki (alama za testi na asaimenti) kabla ya UE (mtihani wa mwisho)

Hii ndiyo iliyonimaliza. Mwaka wa pili, kozi moja ya kredit 12, kozi weki yangu ilikuwa 28 kati ya 40. Karatasi zangu za testi ninazo hadi leo. Ubaoni ikabandikwa 18. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeenda sokoni kununua viazi vya hosteli, zamu yetu, niliporudi nikaona umati pale ubaoni nikasema nitaangalia kesho. Kesho ikawa mvua. Kesho yake karatasi imebanduliwa. Nikafanya UE nikapata 36 kati ya 60, jumla ikaja 54, nikapewa B. Ingekuwa 28 ingekuwa 64, B+. Nimekuja kugundua mwaka wa tatu napiga hesabu zangu, nikaenda ofisini naambiwa, "Binti, muda wa kulalamika ulipita zamani." Nikamaliza na pointi 1,572 badala ya 1,584. Gawa mwenyewe kwa 360 uone.

Kwa hiyo:

Kozi weki ikibandikwa, nenda siku hiyo hiyo, hata kama una zamu ya jikoni, mwombe mwenzako akushikie mwiko. Piga picha namba yako ya usajili na alama, tarehe ya ubao ionekane. Linganisha na karatasi zako za testi na asaimenti. Kama lekchara harudishi asaimenti, andika mwenyewe kwenye daftari tarehe uliyokabidhi na nani alipokea. Kazi za kikundi nazo hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kava, kuna wadada wana tabia ya kusahau majina ya wenzao kwa bahati mbaya sana.

Hatua ya 4: Ukikosewa, andika barua, usilalamike koridoni

Kulalamika kwa CR (kiongozi wa darasa), kwenye grupu la darasa, kwa mlezi wa hosteli, yote hayo hayaingii kwenye faili. Barua ndiyo inaingia. Anza na lekchara mwenyewe kwa heshima, mara nyingi anarekebisha hapo hapo, ni makosa ya kuchapa tu. Asiporekebisha ndani ya siku mbili, barua kwa mkuu wa idara, nakala ofisi ya mitihani. Fupi:

"Yah: Alama ya kozi weki, kozi (namba). Mimi mwanafunzi mwenye namba ya usajili (…) naomba alama yangu ihakikiwe. Ubaoni imeandikwa 18, karatasi zangu za testi 1, testi 2 na asaimenti zina jumla ya 28. Nakala zimeambatanishwa."

Usiandike "nimeonewa", usiandike "lekchara ananichukia". Andika namba. Na chukua nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, bila muhuri hujapeleka kitu. Rufaa ya matokeo ya mwisho ina muda wake na mara nyingi ina ada, bailoo yenu inasema siku ngapi, zihesabu tangu matokeo yanatangazwa, usizihesabu tangu siku uliyoyaona.

Hatua ya 5: Fungua faili la sifa tangu mwaka wa kwanza

Kila kitu ulichofanya, karatasi yake iingie humo. Cheti cha semina, barua ya paroko kwamba ulifundisha katekesi kigangoni, picha ya mdahalo mlioshinda, hata ratiba ya TMCS yenye jina lako kama katibu. Mbele ya faili weka karatasi moja yenye tarehe, tukio, nafasi yako, nani anaweza kushuhudia. Mwaka wa tatu hutakumbuka kitu, amini.

Usipige lamineshini cheti chochote halisi. Najua inapendeza na mama anataka aning'inize sebuleni, lakini kuna ofisi zinakataa kwa sababu muhuri haushikiki wala haukaguliki. Piga lamineshini kopi, ndiyo mama aning'inize hiyo.

Hatua ya 6: Majina

Hii ya kwetu huku ni janga. R na L zinatupiga chenga tangu nyumbani, kwa hiyo ubatizo umeandikwa Agripina, Fomu Foo Aglipina, kitambulisho cha taifa Agripina tena, na chuo kimekusajili kwa la Fomu Foo. Siku ya mahafali unaitwa jina ambalo benki hailijui na hundi ya zawadi inakaa kabatini. Rekebisha mwaka wa kwanza, kwa hati ya kubadili jina au kiapo kwa wakili, kadiri msajili atakavyokuelekeza. Usingoje mwezi wa mahafali, hapo msajili hana hata muda wa kunywa chai.

Hatua ya 7: Watu wa kukuandikia

Tuzo za huduma na skolashipu nyingi zinataka barua mbili, moja ya lekchara, moja ya mtu anayeijua tabia yako. Mwombe wiki tatu kabla. Mpelekee karatasi moja yenye kozi ulizosoma kwake, alama, na mambo mawili uliyofanya anayoweza kuyataja, maana ana wanafunzi mia na hakukumbuki vizuri hata akikuchekea. Fadha au Sista anayekuandikia usimwandikie wewe halafu asaini tu, barua zote za mwaka zikisomwa mezani mkono wako unajulikana.

Hatua ya 8: Usaili wa tuzo

Si tuzo zote zina usaili, ila zenye majina ya watakatifu wanapenda kuuliza, na swali la kwanza ni "unamfahamu huyu ambaye tuzo imebeba jina lake?" Mwenzangu mmoja aliitwa kwa tuzo ya Katarina wa Siena akaeleza kwa ufasaha kabisa habari za gurudumu la mateso na wanafalsafa hamsini. Huyo ni Katarina wa Aleksandria, sikukuu yake Novemba 25. Wa Siena ni wa Aprili 29, alifariki 1380, na 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwaka ule ule na Teresa wa Avila, hao ndio wanawake wa kwanza kupewa hadhi hiyo. Baadaye akaja Teresia wa Mtoto Yesu 1997 na Hildegarda wa Bingen 2012. Wanne tu. Dakika kumi za kusoma, mwenzangu hakuzitumia, Sista aliyekaa katikati alikuwa anatazama dirishani kwa kujizuia kucheka.

Vaa nguo yako ya kawaida ya misa. Wakiuliza udhaifu wako sema ukweli mdogo na unavyoushughulikia. Usiseme "napenda sana kazi".

Hatua ya 9: Kuiandika kwenye CV na fomu za nje

Andika tuzo, aliyetoa, mwaka, na kigezo. "Mwanafunzi bora, Idara ya Elimu, mwaka wa pili, GPA ya juu kati ya wanafunzi 64" inaeleweka popote. "Best student" peke yake haisemi kitu.

GPA iandike na kilele chake, 4.4/5.0. Kuna wadada wanajigeuzia wenyewe iwe ya 4 ya Marekani kwa kalkuleta ya mtandaoni, acha, chuo cha huko kitageuza chenyewe na zikitofautiana unaonekana tapeli. Vile vile usijiandikie "summa cum laude" (heshima ya juu kabisa ya mhitimu) kwa sababu una fasti klasi. Kule Marekani vyuo vya Kikatoliki vya wanawake vina ngazi zao: Dean's List (orodha ya waliofanya vizuri) ya kila semesta, kisha cum laude, magna cum laude na summa cum laude wakati wa kuhitimu, na kila chuo kina viwango vyake. Wana na Kappa Gamma Pi, jumuiya ya heshima ya wahitimu wa vyuo vya Kikatoliki iliyoanzishwa 1926, anaalikwa mhitimu wa chuo mwanachama. Wewe wa kwetu kwenye kisanduku cha Honors andika daraja lako kama lilivyo, First Class, na tuzo zako chini yake.

Transkripti wanataka itoke chuoni moja kwa moja, imefungwa kwenye bahasha yenye muhuri au kwa imeili ya msajili. Ukiifungua uone, imeharibika. Omba mbili, moja ya kufungua.

Mambo yakigoma

*Nimepata sapu, nimetoka?* Hujatoka chuo, ila sapu ukifaulu kwa kawaida unaandikiwa C hata ukipata 90, na C unajua inakula nini. Fasti klasi bado inawezekana kihesabu. Tuzo ya mwanafunzi bora vyuo vingi wanataka asiye na sapu, soma kigezo.

*Matokeo yamefungwa kwenye mfumo.* Asilimia kubwa ni ada. Nenda uhasibu na risiti zote za benki, kuna malipo huwa yameingia lakini hayajaunganishwa na namba yako. Fanya hivyo kabla kamati ya zawadi haijakaa, asiye na matokeo hayumo kwenye orodha.

*Nimeumwa, au nina ujauzito, sitamudu mitihani.* Omba kuahirisha kwa barua na cheti cha hospitali kabla ya mtihani. Kuahirisha kwa kibali si kufeli. Kupotea kimya kimya ndiko kunakoleta sifuri. Najua wengine mnaogopa kumwambia Sista, mwambie, nimeshuhudia waliorudi mwaka uliofuata na mtoto yuko kwa bibi Makambako wakamaliza vizuri.

*Nimekutwa na kibomu (karatasi ya kuibia majibu) kwenye chumba cha mtihani.* Hapo sina msaada.

*GPA yangu na ya mfumo hazilingani.* Angalia kwanza kredit, wengi wanatumia za prospektasi ya zamani. Kisha angalia kozi za hiari, kuna vyuo ukichukua za ziada hazihesabiwi zote. Bado hailingani? Peleka daftari lako ofisi ya mitihani na waombe mfanye pamoja.

*Tuzo yangu imesomwa mahafalini lakini cheti sijapewa.* Hutokea. Andika barua wiki hiyo hiyo, ambatanisha kijitabu cha mahafali chenye jina lako, ukurasa uupigie mstari. Mimi changu cha mwanafunzi bora wa somo nilikifuata mara tatu, mara ya nne nikakikuta kwenye droo ya mhudumu chini ya kitabu cha wageni, kimekunjwa mara mbili.